Swichi Nane Kabla ya Ijumaa

Jumatano, 11 Septemba

Nimepewa! Swichi zote nane za mtandao wa kiwanda, mikononi mwangu. Bwana Lohani meneja kaniita asubuhi, hata kiti hakunipa. Jana tanuri namba mbili liligoma tena — skrini imeganda, biskuti trei sitini zimegeuka makaa. Sababu ni mtandao. Kila kitu kimerundikwa pamoja: kompyuta za ofisi, mashine za tanuri na za kufungasha, kamera, simu za wageni. Mtu wa ofisi akivuta filamu mtandaoni, tanuri linakosa pumzi.

Dawa yake naijua: VLAN. Waya unabaki uleule, swichi zilezile, ila kila kundi linapata chumba chake na namba yake, na kelele za huyu hazimfikii yule. Ofisi 10, mashine 20, kamera 30, wageni 40. Nimeyasema haya tangu mwaka jana nikiwa juu ya ngazi nafunga kamera. Nani amsikilize mtu wa ngazi?

Sasa wamesikia, kwa sharti. Ijumaa ya tarehe 20 kila kitu kiwe kimetenganishwa na mashine zinaenda. Nikifaulu, mimi ndiye fundi mtandao wa kiwanda, kwa barua rasmi. Nikishindwa, inaletwa kampuni kutoka mji mkuu, Kathmandu, na mimi narudi kwenye ngazi. Nikajibu "Sawa bwana" kwa sauti nzito. Nilipotoka nikarukaruka nyuma ya ghala la unga. Hakuna aliyeniona.

Alhamisi, 12 Septemba

Aliyeniona ni Mzee Dambar! Fundi mkuu wa umeme, miaka thelathini na moja hapa, anastaafu Januari.

"Rewati binti yangu, jana kule ghalani ulikanyaga nyoka?"

Lakini kashinda nami kutwa nzima akinishikia tochi. Kebo hazina alama hata moja — aliyezivuta alikuwa na haraka ya kwenda wapi? Swichi ya sita tumeikuta juu ya dari la chumba cha kuchanganyia unga, nyeupe kama imepakwa poda. Nimebandika alama kebo mia na arobaini na tatu. Shingo imekakamaa.

Njiani mzee akataka kujua hizo namba zangu ni za nini. Nikamweleza mara tatu. Mwisho akasema kumbe ni kama saketi zake: jikoni fyuzi ikikatika, sebuleni taa zinaendelea kuwaka. Hasa!

"Basi ungesema hivyo tangu asubuhi," akanung'unika. "Unanizungusha na Kiingereza chako."

Ijumaa, 13 Septemba

Aibu. Swichi ya kwanza nimeianza vizuri, nikagawa matundu yote ya kebo, kisha nikahamisha na tundu nililokuwa nimechomeka laptopu yangu mwenyewe. Kimya! Swichi hainijui tena. Nimejifungia nje ya nyumba niliyoijenga dakika ile ile. Ikabidi nirudi stoo kutafuta ile kebo ya bluu ya kuingilia swichi kwa mlango wa nyuma. Mzee Dambar kacheka mpaka kaketi juu ya ndoo.

Kufika jioni swichi tatu zimekamilika. Nikaziambia zihifadhi amri zake, nikafunga makabati. Si haba.

Jumapili, 15 Septemba

Tano! Ugumu uko kwenye kebo kuu, ile inayounganisha swichi na swichi. Lazima uiambie pande zote mbili ibebe namba zote nne. Ukisahau moja upande mmoja, kundi hilo linakwama katikati kama mtu aliyekatiwa tiketi nusu safari. Kamera za geti zilipotea saa nzima. Mlinzi akaja kuuliza kama ameachishwa kazi.

Sasa nikiandika amri, vidole vinatangulia kabla ya kichwa. Napenda hivi! Mama anasema natabasamu na sahani ya wali.

Jumatatu, 16 Septemba

NANE. Zote nane, siku nne kabla ya mwisho!

Nilikuwa mbio leo: swichi hadi swichi, ngazi hadi ngazi, kwa sababu Bwana Lohani alitaka kuona kwa macho kabla ya saa kumi. Amri inafanya kazi papo hapo, nikarukia nyingine. Kisha jaribio. Nikamwambia Dada Kunti wa hesabu avute filamu, ile ndefu kuliko zote. Akasema siku zote anagombezwa kwa hilo, leo anaombwa? Ofisi nzima wakavuta filamu. Mimi na Bwana Lohani tukasimama mbele ya tanuri namba mbili.

Halikutikisika! Biskuti zinatoka zimepangana, skrini inahesabu, mashine ya kufungasha inameza. Dakika ishirini. Meneja akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwake hiyo ni hotuba. Nimenunua momo, vile vidonge vya unga vya nyama, sahani mbili nikazila mwenyewe. Kichwa kimevimba na sitaki kipungue.

Jumanne, 17 Septemba

Puja ya Vishwakarma, ibada ya mungu wa mafundi. Leo mashine ndizo wageni wa heshima. Matanuri yamezimwa, yameoshwa, yamevishwa shada za maua ya njano. Hakuna anayefanya kazi na chombo chake mpaka kesho: bisibisi, nyundo, hata jembe la mtunza bustani, vyote madhabahuni.

Nilipofika nikakuta Mzee Dambar amevaa kofia mpya. Akanishika mkono mpaka kwenye kabati langu la swichi. Swichi zimezimwa, zimefutwa vumbi kwa kitambaa laini, kila moja na tika, alama nyekundu ya baraka, na ua. Kapita zote nane mwenyewe, mpaka ile ya darini — na magoti yake yale!

"Miaka yote tuliziruka, hatukujua ni mashine," akasema. "Mwaka huu na za binti zipumzike."

Nikalia, nakiri. Nikaweka laptopu yangu na koleo langu madhabahuni kati ya spana zake. Kuhani akavipaka vyote tika.

Tukaketi kula. Nilikuwa na jalebi mkononi, ile tamu ya shira, nilipokumbuka. Zimezimwa! Swichi inakumbuka amri mradi tu ina umeme. Ukitaka ikumbuke hata ikizimwa, lazima uiambie ihifadhi. Zile tatu za Ijumaa nilihifadhi. Ya nne? Ya tano? Za jana? Mbio zile! Tano sikuhifadhi. Tano nzima, na laptopu iko chini ya maua, na hakuna mtu kiwandani atakayeniruhusu kuigusa leo. Jalebi nikampa Kunti.

Jumatano, 18 Septemba

Saa moja asubuhi umeme ukarudishwa. Tatu ziliamka na akili zao. Tano ziliamka kama zimetoka dukani leo. Mchanganyiko huo ni mbaya kuliko mwanzo: tatu zinazungumza kwa namba, tano hazielewi, hakuna kinachopita. Matanuri yakagoma. Sauti ya Bwana Lohani ilifika mpaka barabarani.

Sikumsikiliza. Nikafuta tika kwenye kibodi na kuanza. Ya nne. Hifadhi! Ya tano. Hifadhi! Nilikuwa natamka kwa sauti, wanawake wa kufungasha wakaanza kuitikia nami, "Hifadhi!" Ya sita juu ya dari, unga puani. Saba. Nane. Sikukosea tundu hata moja. Kazi ya siku mbili nimeimaliza kwa saa tatu na nusu! Tanuri likaunguruma, wakapiga makofi, Kunti akanikumbatia na unga wangu wote. Hakuna fundi wa Kathmandu angenishinda leo. Hakuna!

Bwana Lohani akanipa mkono. Barua yangu inachapwa, nitaichukua Ijumaa saa tisa. Halafu akamgeukia Mzee Dambar. "Na wewe utapata yako, ya onyo. Umezima mitambo usiyoijua ukaiharibu. Mwakani hakuna maua kwenye kabati lile." Mzee alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

Na mimi nilinyamaza. Mbele ya watu wote. Nilinyamaza.

Alhamisi, 19 Septemba

Sikukuu ya Katiba. Nimekwenda kwake. Nikamwambia pale pale mlangoni, kabla ya chai: kuzima hakuharibu kitu, swichi yoyote huzimwa na kuwashwa bila shida, kosa ni langu, sikuhifadhi amri.

Mabega yake yakashuka. Kumbe usiku kucha aliamini ameharibu kazi yangu kwa mkono uliopaka tika.

"Basi imekwisha, mimi nimejua," akasema. "Nyamaza. Mimi nina miezi minne, onyo litanifanya nini? Wewe una miaka thelathini mbele. Ukisema, atakurudisha kwenye ngazi."

Miaka thelathini na moja, hana onyo hata moja. Mkewe ndiye aliyeniambia, akinisindikiza.

Ijumaa, 20 Septemba

Saa tisa kasoro dakika kumi. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, naandikia magotini. Matanuri yanaenda tangu juzi bila kuganda. Kwa dirisha naona barua mbili mezani, moja ina muhuri mwekundu wa onyo.

Naogopa, ndiyo. Lakini nasema ukweli: siogopi kama nilivyodhani. Ngazi naijua. Na akiniondoa, swichi nane zitabaki zinafanya nilichoziambia.

Mzee Dambar kaketi pembeni yangu na kofia yake mpya. Anajua ninataka kumwambia meneja nani hakuhifadhi. Ameapa nikifungua mdomo hatanisemesha mpaka sikukuu ya Dashain. Nimemwambia Dashain ni wiki mbili tu, nitavumilia. Amejaribu kukasirika, ikamshinda.

Mlango umefunguliwa. Karani ameita jina la Mzee Dambar.

Nimesimama mimi.