Binti Anayesomea Nafasi

3 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na wateja hawajakukimbia. Mimi mzima, ila baridi ya chumba hiki inanionea.

Umeniuliza ninasomea nini hasa. Wewe fundi vioo, basi simama mbele ya kioo. Elekeza kidole juu: kidole cha ndani nacho kinaelekea juu. Kielekeze kwenye kioo: cha ndani kinakugeukia wewe. Lakini alama uliyoichora juu ya kioo chenyewe haiendi popote. Eneo kama hilo, ambalo kugeuza hakuwezi kukitoa kitu nje yake, tunaliita nafasi isiyobadilika. Mimi natafuta nafasi hizo ndani ya matriki, yaani jedwali la namba linalogeuza mielekeo, kisha nachagua mielekeo ya msingi ili jedwali lisomeke kirahisi.

Likizo hii sitakuja, Baba. Sina nafasi.

Binti yako


20 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida yake, mengine salama. Umekula lakini?

Nimenyoosha vidole mbele ya kioo cha kabati hadi jirani akauliza namsalimia nani. Kisha nikacheka peke yangu: unasomea nafasi miaka yote hii, na huna nafasi ya kuja kunisalimu. Marehemu dada yangu alikuwa hivyo hivyo, kichwa kwenye vitabu. Wewe na shangazi yako mnafanana hadi mwandiko.

Juzi nilikata kioo cha dirisha, nikasahau nakata cha nani. Usijali.

Baba yako


11 Agosti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua zangu hujibu, na nikipiga simu hupokei. Nimesikia kwa jirani kwamba umefunga karakana, na kwamba ulipotea ukitoka sokoni. Mbona hukuniambia?

Kuna majedwali kaidi. Mielekeo yake hujipanga mnyororo: kila ukigeuza, wa tatu unasukumwa mahali pa wa pili, wa pili mahali pa wa kwanza, na wa kwanza unakuwa sifuri. Hakuna msingi utakaochagua ukaukata mnyororo huo. Profesa anasema umbo lake ni zuri. Mimi nimelichukia, kwa sababu nikilitazama nakuona wewe.

Natetea tasnifu mwezi wa Novemba, halafu nakuja. Nataka nikukute bado unanijua. Nimekuwekea bahasha zenye anwani yangu tayari, wewe andika tu.

Binti yako


2 Septemba

Binti yangu,

Mnyororo nimeuelewa, ndio huo huo. Yalitangulia majina ya wateja, sasa yanasogea ya nyumbani. Jina lako nimeliandika kwenye kioo cha kabati kwa kalamu ya kuwekea alama za kukata. Si ulisema hapo kitu hakiendi popote? Nalisoma kila asubuhi kabla ya kunawa.

Naogopa, mwanangu. Masomo usiyaache kwa ajili yangu. Ila ukipata nafasi, njoo.

Baba


28 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mimi mdogo wako sijambo, ni goti tu. Umekula?

Kwenye kioo cha kabati kuna jina la mtu. Nikilisoma moyo unaniuma, wala sijui kwa nini. Nadhani ni la binti yangu. Nina binti, Dada, yuko mbali, anasomea nafasi. Watu wanasema kanitupa. Usiwasikilize, akipata nafasi atakuja. Ukionana naye usimgombeze.

Mdogo wako


9 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekula. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa sakafuni nikalia.

Binti yako nimeonana naye. Sikumgombeza. Amemaliza kusomea nafasi na sasa anayo, anafika Jumamosi. Anafanana na mimi hadi mwandiko. Usipomjua usiogope, wala usimwombe radhi. Mkaribishe tu, umuulize kama amekula. Yeye atakuamkia, na hataondoka.

Jina la kwenye kioo liache hapo hapo.

Dada yako