Pikipiki ya Kaka Yako Haivuti

Lulindi, nyuma ya kanisa,
Masasi.
20 Agosti, 2023.

Mpendwa Shemeji Cecil, Baba Loveness,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana najua ungekuwa hapa ungeanza wewe, na shemeji mwenye adabu haifai kumcheleweshea jibu. Habari za Mpanda? Mama Loveness hajambo? Na ule mguu wake uliokuwa ukivimba, umetulia? Mimi huku ni mzima wa mwili, nakula na kulala, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Mbaazi tumevuna, si haba. Mikorosho ya Mnyambe, kwenye shamba mlilorithi kwa mjomba wenu, imetoa maua vizuri, na salfa, dawa yake ya unga, tumeipiga kwa wakati wake. Msimu huu kila mtu ni wa manjano, nguo, kope, mpaka mbuzi. Jana nilichemsha ming'oko ya porini nikakukumbuka, jinsi ulivyokuwa ukiila mpaka tunakuficha sufuria.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu nikiishika tu kaka yako anasogea, anataka akusalimie, na hii ya kwangu inapiga kelele mpaka jirani anasikia. Haya ninayokuandikia hayafai ayasikie. Barua nampa mke wa mchungaji, anayekuja huko wiki hii kumtazama binti yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sitaki kuumbuliwa. Kaka yako Alfredi anaumwa, ingawa hana homa wala kidonda. Nianze na pikipiki, kwa sababu hata mimi nilianzia hapo.

Unamjua na pikipiki yake. Tangu aipate hajamruhusu fundi yeyote aifungue, husema mafundi wa mjini wanakaza nati utadhani wanamnyonga adui. Oili anamwaga mwenyewe, tapeti anarekebisha mwenyewe, kabureta anasafisha mwenyewe. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kumpa kanga iliyofuliwa atandike chini na kupanga vyombo vyake. Kanga zangu nzuri zote zimeishia hapo, nami nimenung'unika miaka yote. Lakini haki alikuwa nayo. Salfa ni unga mwembamba, inaingia kila mahali, na vitundu vya kabureta havipitishi hata unywele. Wewe mwenyewe aliwahi kukuzaba kofi kwa kuweka skrubu zake juu ya mfuko wa salfa.

Mwezi wa saba aliifanyia sevisi yake ya kawaida, kesho yake tukaondoka nayo kwenda Mnyambe. Kwenye tambarare ilikwenda. Tulipoanza kupanda mlima wa Newala ikakosa pumzi. Yeye anavuta mafuta, injini inaguna na kukohoa, na mwendo unapungua badala ya kuongezeka. Nikashuka nikapanda kwa miguu, jembe begani, pikipiki ikinifuata nyuma. Watu wa njiani walitucheka sana, na mimi nilicheka nao.

Kwanza alisema ni petroli ya chupa, imetiwa maji. Akamwaga tangi lote, akaweka ya kituoni. Haikuvuta. Akasema plagi, akanunua mpya. Akasema eksozi imejaa masizi, akaichoma moto na kuigonga mpaka kuku wakahama uani. Akasema klachi inateleza. Kila sababu ilikuwa na maana yake, na alinieleza kwa utulivu kama zamani: klachi ikiteleza, injini hulia kwa juu lakini chombo hakiendi. Nikamwambia, Baba Oscar, hii yetu hailii juu, inazama, basi si klachi. Akafikiri, akakubali, hata akanisifu. Asubuhi yake nikamkuta anaifungua klachi, ananieleza yale yale kwa maneno yale yale. Nikaingiwa na baridi, shemeji, na jua lilikuwa kali.

Siku aliyoifungua tena kabureta nilimpelekea kanga kama kawaida. Nikakuta ameshatandika. Vyombo vyote vimepangwa juu ya mfuko mtupu wa salfa, na kila kimoja kimeshika unga wa manjano. Nikamwuliza, leo kanga huitaki? Akasema, "Kanga ya nini, Mama Oscar?" Hakuwa akitania. Asiyejua akikosea unamfundisha yakaisha, lakini huyu ndiye aliyetufundisha sisi. Nilirudi ndani na kanga yangu nikakaa kitandani.

Baada ya hapo ikawa hata kunguruma ikiwa imesimama haiwezi, inazimika. Tukaipakia kwenye kigari cha Kirikuu mpaka Lisekese kwa Mrisho. Bila shaka unamkumbuka Mrisho, yule aliyekuwa akishinda uani kwetu tangu akiwa mdogo, ufundi wote akaupata kwa kaka yako, na sasa ana gereji yake. Mrisho aliitazama kwanza plagi, ile mpya, akaikuta nyeusi kama sehemu ya chini ya chungu. Akasema petroli inaingia nyingi, hewa haipati. Akafungua njia ya hewa, akavuta humo kitambaa, kipande cha shati la kaka yako. Mwenyewe alizibia tundu siku ya sevisi ili vumbi lisiingie, halafu akafunga juu yake. Na kwenye kabureta salfa ilikuwa imegandamana katika kila kitundu. Mrisho akasafisha, akapuliza kwa upepo, akafunga. Ikawaka kwa kiki moja na ikavuta sawasawa.

Kaka yako alikuwa amekaa kwenye benchi akimwangalia kwa furaha muda wote huo. Akamwambia kwa Kimakua, lugha anayoitumia moyo wake ukiwa mweupe, kwamba ana mikono mizuri, je, nani alimfundisha kazi hii? Mrisho akadhani ni utani, akacheka. Kisha akanitazama mimi, akaacha kucheka. Akasema, "Ni mzee mmoja wa Lulindi, baba." Kaka yako akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo mzee anajua kazi," akasema. "Ukimwona nisalimie." Mrisho akageukia ukutani akajifanya anatafuta spana.

Nilimpeleka hospitali. Presha nzuri, sukari nzuri, damu nzuri. Tabibu alimwuliza maswali mengi, mengine ya kitoto, jina la mwezi, jina la mji, halafu akaniita pembeni. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, umeshaanza siku nyingi, na utaendelea. Nikauliza dawa. Akaniambia niwe na subira naye. Kanisani hakuna aliyegundua bado. Jumapili moja alisoma somo lile lile mara mbili, na watu wakasema katekista ametaka tulizingatie.

Ungedhani pikipiki ikipona angalau shida moja imepungua. Ndiyo kwanza ikaongezeka. Ilipokuwa haivuti haikumfikisha mbali. Ilipovuta, akaamka akaenda zake bila kuaga, na jioni nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua kwamba yuko Newala mjini, mafuta yamemwishia, anauliza watu njia ya kwenda Mnyambe. Cecil, Mnyambe, ambako mlikuwa mkifukuzana na nyani kwenye mikorosho tangu hamjaota meno ya pili. Ule mlima unaujua, na makorongo yake unayajua. Namwona usiku na mchana akiteremka nao peke yake, anafika kwenye kona, amesahau breki iko upande gani.

Nimejaribu kumkataza. Ananiuliza kosa lake nini, nami sina mdomo wa kumwambia. Oscar nimemweleza, akalia kwenye simu, akasema yeye mtoto hawezi kumnyang'anya baba yake pikipiki. Basi nikamwomba Mrisho anisaidie kuiharibu. Alikataa, na nilipolia akakubali. Alikuja saa ambayo kaka yako yuko kanisani, akachomoa waya mmoja mwembamba chini ya kiti, hakuukata, akanionyesha mahali. Sasa haiwaki kabisa.

Kila asubuhi baada ya chai anaitoa uani. Anapiga kiki, anasikiliza. Anafungua petroli, inashuka. Anachomoa plagi, anaifuta, anairudisha. Anapiga tena, anasikiliza tena, halafu anaanza upya kuanzia petroli. Hakasiriki hata kidogo. Mimi niko barazani nachambua mbaazi, namtazama mume wangu akitafuta ubovu nilioutia mimi. Namwomba Mungu asiuone ule waya, kwa sababu akiuona ataondoka tena. Muda huo huo namwomba auone, kwa sababu akiuona maana yake bado yupo. Sijui hata nasali sala gani, shemeji. Nimekata tamaa na sina wa kumwambia.

Juzi alinyanyua kiti. Nikaacha kuchambua. Aliushika waya wenyewe kwa vidole viwili, ncha yake iko wazi, na pale unapotakiwa kuchomekwa ni hapo hapo chini ya mkono wake. Akautazama. Akaufuta vumbi kwa upindo wa shati, polepole, vizuri kabisa, akauacha ulivyokuwa, akafunga kiti.

Njoo, Cecil. Pikipiki ukitaka uichukue, ukitaka uiuze, hilo mtaamua ninyi wenye ukoo. Ila usingoje korosho zianze kuanguka ndipo ufunge safari. Bado anakutaja kwa jina, na sura yako anaijua kwenye ile picha ya ukutani. Mwaka kesho siwezi kukuahidi.

Msalimie sana Mama Loveness, mwambie mguu aunyanyue juu ya mto akilala. Msalimie Loveness na mdogo wake Huruma. Rose wa hapa jirani anakusalimu, na Mrisho pia. Mungu wa baba zetu awalinde huko mliko na akufikishe huku salama.

Kaka yako naye anakusalimu. Ameniona nikiandika, akauliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwa Cecil. Amefurahi sana. Amesema nikuambie pikipiki inamsumbua kidogo, lakini usiwe na wasiwasi, kesho ataipata.

Wako akupendaye na anayekungoja,
shemeji yako Julia, Mama Oscar.