Sura ya Mwisho ya Bi Mgeni

Mtaa wa Moshi,
Ilala,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 2008

Mpendwa dada yangu Tatu,

Shikamoo dada. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba saumu huko Maskati inakwenda salama pamoja na joto lenu hilo. Huku tunafunga vizuri. Futari haijatupiga chenga hata siku moja, ila nazi zimepanda bei kama kawaida ya mwezi huu.

Mama hajambo. Kidonda cha mguu kimefunga na sukari imetulia. Daktari amemkataza kufunga, na jambo hilo linamuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Wakati wa daku anaamka akae nasi, anatutazama tukila, halafu anafuta macho kwa upande wa kanga. Dawa zake hazikosi. Zote ananunua kaka Bushiri, na nakuomba ulishike hilo moyoni unaposoma nitakayokueleza.

Nakuandikia kwa mkono, nimpe jirani yetu Mama Abdulswamad anayesafiri kesho kuja huko, kwa sababu simu yetu ya kuzungumzia ni ya Bushiri na nyumba yetu unaijua, ukuta wa chumba hiki ndio ukuta wa chumba kile.

Unajua bado nafanya kazi kwenye ile intaneti kafe ya Mtaa wa Sikukuu. Wateja wakipungua, na mimi huingia mtandaoni. Yapata miaka miwili sasa nimo kwenye ukumbi wa wasomaji wa riwaya za Kiswahili. Hakuna anayetumia jina lake. Mimi najiita Kanga Mpya. Yupo Chai ya Rangi, mtu wa maneno machache yenye uzito, na yupo Babu Kachumbari, ambaye sote tulikuwa tukimwamkia shikamoo kabla ya kubishana naye.

Kitabu kilichotukusanya kinaitwa *Mpangaji wa Uani*, cha Bi Mgeni Saidi, mwalimu mstaafu wa Kigamboni. Ni habari ya mwanamke anayeitwa Sikujua, aliyeachwa na mumewe akabaki kwenye chumba cha uani, akidhulumiwa na mwenye nyumba mpaka unataka kuingia humo kitabuni umshike mtu shati. Mwishoni amekaa gizani peke yake, mlango unagongwa. Anauliza, "Nani?" Na kitabu kinaishia hapo hapo.

Dada, tumegombana juu ya mlango ule! Wengine walisema ni mume amerudi kutoka machimboni. Wengine walisema ni mwenye nyumba amekuja kumtoa. Babu Kachumbari alisema ni mauti. Mimi nilisema kwamba ndio uzuri wake, mwandishi ametuachia sisi mlango tuufungue. Niliandika maneno mengi sana juu ya hilo, wengi wakanisifu, nami nikavimba kichwa.

Basi mwezi wa sita tukasikia kwamba Bi Mgeni atakuwa kwenye duka la vitabu la Bwana Filbert, karibu na Mnazi Mmoja, kutia saini vitabu vya wasomaji. Tukapeana ahadi kukutana, kila mtu na kitabu chake, na kila mtu ashone kitambaa cheupe begani ili tujuane.

Ungeniona siku ile ungecheka. Nilivaa lile gauni la Idi. Pale dukani nikamkuta mzee wa Kihindi na kitambaa cheupe begani, amesimama wima kama anasubiri ukaguzi. Ndiye Chai ya Rangi. Jina lake Mzee Nirav, anauza vipuri vya magari Gerezani, na wateja wake hawajui kwamba chini ya kaunta ana riwaya. Halafu akaja msichana mnene, mchangamfu, nesi, jina lake Benedikta. Akanyoosha mkono akasema, "Marahaba, wajukuu zangu." Babu Kachumbari! Tulicheka mpaka Bwana Filbert akatoka ndani kutazama kuna nini.

Bi Mgeni alikuwa mwanamke mwembamba, amejitanda ushungi wa kijani, amekaa nyuma ya meza ndogo na kalamu mpya. Watu tulikuwa wengi kuliko viti. Niliona jinsi alivyotutazama, kama mtu aliyeandaa chakula cha watu wawili akaona wamekuja arobaini, na furaha hiyo ikamshinda kuificha.

Mzee Nirav alikuwa wa kwanza. Akaweka kitabu mezani kwa mikono miwili. Bi Mgeni akakifungua, akakifunga, akapitisha kidole kwenye jalada. Akageuza mpaka ukurasa wa nyuma kabisa.

"Umekinunua wapi, mzee wangu?"

"Hapo Kariakoo, mama. Kona ya Msimbazi, kwa kijana mmoja anayepanga vitabu chini. Anaita wateja kama anaimba."

Akaomba cha Benedikta. Akaomba changu. Akaomba cha aliyekuwa nyuma yangu. Vyote vilikuwa na jalada lile lile lililofifia, na vyote viliishia kwenye neno lile moja, "Nani?"

"Hivi ni feki," alisema, bila ukali. "Na vimekatika. Baada ya hapo kuna sura nzima."

Bwana Filbert akachukua ngazi akashusha nakala za kweli kutoka rafu ya juu, zilizokuwa na vumbi kwa sababu hakuna anayezinunua, ni ghali. Kweli kulikuwa na sura nyingine. Miaka miwili tumebishana juu ya mwisho ambao haukuwa mwisho.

Lakini mimi sikuwa nawaza hayo. Nilikuwa namuwaza kijana wa kona ya Msimbazi anayeita wateja kama anaimba. Unamjua. Ni yeye aliyeniletea kitabu kile nyumbani, akasema, "Chukua, Swaumu, wewe si unapenda hadithi?"

Bi Mgeni akamwomba Benedikta asome ile sura kwa sauti. Benedikta akasoma. Yule Sikujua wa kitabuni anainuka, anafungua mlango, na anayeingia si mume wala mwenye nyumba. Ni binti yake, Siwema, aliyechukuliwa na ndugu wa baba akiwa mdogo na hatukuwa tumemfikiria hata kidogo. Anaingia, anavua viatu, anauliza kuna nini cha kula. Wanakula. Hakuna kingine kinachotokea, ila Benedikta alishindwa kuimaliza na Bwana Filbert akampokea kusoma.

Halafu Bi Mgeni akatueleza. Siwema lilikuwa jina la mwanawe wa kweli. Alifariki kabla hajafika darasa la tano. "Kitabu chote kile," alisema, "nilikiandika ili nifike kwenye ule mlango nimfungulie. Kumbe nimemfungulia peke yangu."

Mzee Nirav akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi. Akasema, "Mama, unisamehe. Miaka miwili mimi nimekuwa nikimfungulia mume."

Bi Mgeni akacheka kidogo, akasema huyo naye alihitaji kufunguliwa. Akatia saini vitabu vyote, vya feki vyote, kimoja kimoja, na jina la kila mtu. Alisema hawezi kuturudisha mikono mitupu. Bwana Filbert alizungumzia kushtaki, Bi Mgeni akasema alishazunguka ofisi moja hadi nyingine mpaka soli zikaisha, na kila alipokwenda aliambiwa alete mwizi. Benedikta alipomuuliza kitabu kipya kitatoka lini, alijibu kwamba kipo kabatini, kimekamilika, na kitabaki kabatini.

"Nikitoe wapate nini? Wapate mwili bila kichwa tena?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake na jina la mwizi lilikuwa mdomoni mwangu. Sikulitamka. Ningelitamkaje, dada? Nilimwona Mama na vidonge vyake.

Jioni ile nilimfuata Bushiri pale pale konani. Nilimweleza yote, mbele ya vitabu vyake. Alinisikiliza, naye hakukana. Alisema kuna jamaa wana mashine ya kuchapa, yeye huwapelekea kitabu kinachoulizwa sana, wanatoa nakala, faida wanagawana naye. Nakala aliyowapelekea ilikuwa imechanika nyuma.

"Mimi nilijuaje?" akasema. "Sivisomi, nauza."

Nikamwambia ni wizi. Akaniuliza kama nakumbuka siku baba alipotoka kiwandani na barua ya kupunguzwa, kiwanda kimepata mwenyewe mpya. "Walituambia soko huria, kila mtu ajitafutie," akasema. "Na mimi najitafutia. Niambie niache, Swaumu, halafu uniambie na dawa ya Mama tutaipata wapi."

Mshahara wangu unaujua.

Halafu akasema kwa moyo mweupe kabisa, dada, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, "Basi niletee hiyo sura iliyobaki. Nitawaambia waichape, tuiongeze nyuma. Watu waipate kamili."

Wiki nzima nilizunguka na maneno hayo. Mwisho nikavuka bahari kwa pantoni pale Magogoni, nikaulizia mpaka nikaifikia nyumba ya Bi Mgeni Kigamboni. Nilikuta anachambua mchele. Nikamwambia kwamba yule kijana ni kaka yangu, tumbo moja. Nikamwambia habari ya Mama. Nikamwambia alichosema Bushiri. Nilitegemea atanifukuza, na kwa kweli nilitaka anifukuze.

Aliendelea kuchambua. Akaniuliza mama yangu anatumia dawa gani, nikamtajia. Akauliza Bushiri anauza vitabu vingi kwa siku, nikasema hicho chake ndicho kinachokwenda kuliko vyote. Akatikisa kichwa taratibu, sijui kwa uchungu au kwa fahari.

"Ningekuwa na nguvu ningemfunga kaka yako," alisema. "Sina. Na wewe huna." Akaingia ndani, akarudi na nakala yake mwenyewe. "Mpelekee. Kama kuibiwa nimeshaibiwa, basi niibiwe mzima."

Niliipeleka, dada. Sijui kama nilifanya vema.

Mwezi uliopita nakala mpya zikatoka. Pale ukumbini kwetu kumewaka moto. Wapo wanaolia na Siwema, wapo wanaosema mwisho wa zamani ulikuwa bora na huu umebandikwa na wachapaji. Mtu mmoja alinukuu yale maneno yangu ya kuachiwa mlango ili kuthibitisha kwamba sura ile ni ya uongo. Nilijaribu kumjibu, nikafuta, nikajaribu tena, nikazima kompyuta.

Siku chache kabla ya mwezi kuandama nilikuwa nimempelekea Bushiri chakula cha mchana pale konani. Nikaona ushungi wa kijani unakuja katikati ya watu. Bushiri hamjui. Akampigia wimbo wake ule ule: "Mama, karibu, *Mpangaji wa Uani*, safari hii kina mwisho wake, mama, kamili!"

Bi Mgeni akaniona. Hakunisalimia kwa mdomo, alinisalimia kwa macho tu. Akauliza bei, akalipa bila kuomba apunguziwe, akasimama palepale juani akafungua nyuma. Alisoma polepole huku watu wakimpiga vikumbo. Nikaona kidole chake kimesimama mahali.

"Wamekosea jina," akasema. "Wameandika Siwena."

Bushiri akacheka kwa adabu. "Herufi moja tu, mama, haiharibu hadithi."

Akafungua mkoba, akatoa kalamu. Aliinama akaweka kitabu juu ya goti, akasahihisha lile jina kila lilipotokea, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa mwalimu. Alipomaliza alikifunga, akakirudisha juu ya rundo lile lile alipokitoa.

"Mbona unaacha, mama? Umeshalipa!"

"Muuzie mwingine," akasema. "Apatikane japo mmoja atakayemwita jina lake."

Akaondoka kuelekea Mnazi Mmoja. Bushiri akanigeukia akaniuliza, "Yule mama nani?" Nami nilikuwa nimeshika bakuli la chakula kwa mikono miwili. Kabla sijatua bakuli alikuja mteja, Bushiri akampa kile cha juu.

Wewe ndiye mkubwa wetu, dada. Sikuombi fedha, unayotuma inatosha, wala sikuombi umgombeze Bushiri, maana hata mimi nimeshindwa kumchukia. Niambie tu wewe ungefanya nini. Nikijua kwamba hata wewe usingejua la kufanya, huenda nitapata usingizi.

Mama hajui lolote, tafadhali lisifike kwake. Anakusalimu na kukuulizia kila swala. Bushiri naye anakusalimu, leo asubuhi amesema amekukumbuka. Nisalimie shemeji, uwabusu Rukia na mdogo wake, na umwambie Shangazi Mwanakhamisi kwamba dua zake tunazihitaji. Mzee Nirav na Benedikta hawakujui, lakini nimewasimulia juu yako, nao wanakutakia heri.

Mungu azipokee saumu zenu, awaweke mbali na maradhi, na akurudishe siku moja ugonge mlango huu nikufungulie mimi mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Swaumu