Tatu, Uliniita Mwizi wa Mume

Tatu,

Leo sikusalimii. Ungetaka salamu ungebaki hai, tukasalimiana stendi ya Dumila kama zamani, mimi na beseni langu la vitunguu, wewe na nyanya zako, tunapigana vikumbo kukimbilia madirisha ya mabasi ya Dodoma. Nina hasira na wewe, shoga yangu. Nimelia hadi watu wameniambia inatosha, na hasira bado ipo.

Nafasi yako pale kashika binti mmoja mpole. Anauza, ila hajui kutania makonda. Wewe ulikuwa unawaambia, "Baba, funga mdomo, fungua dirisha," basi zima linacheka, nyanya zinaondoka. Siku hizi pamepoa.

Mume wako yuko mahabusu. Ndugu zake walitangaza msibani kwamba umeanguka bafuni, lakini daktari aliyeupima mwili wako alisema ulipigwa, na polisi wakamchukua Baba Neema hata arobaini yako haijafika. Sasa nimeitwa kutoa ushahidi mahakamani. Mimi jirani yako, nyumba zetu ukuta mmoja, niliyekusikia ukilia miaka yote.

Unaukumbuka ule mkutano wa ofisi ya kata? Yule dada msaidizi wa sheria alikuja kutuelimisha, sisi tumekaa nyuma tunatafuna karanga. Akasema Sheria ya Ndoa haimruhusu mume wala mke kumpiga mwenzake, na kwamba polisi kuna dawati la jinsia, mtu anasikilizwa faragha. Mimi nilikuwa naicheka kofia ya mtendaji. Wewe ukanyoosha mkono. Wewe, Tatu, usiyewahi kufungua kinywa mkutanoni! Ukauliza, "Na kama anayepigwa anaogopa kwenda?" Akakujibu kwamba hata jirani anaweza kutoa taarifa. Ukaketi, ukanishika goti bila kunitazama.

Mimi niliona umeniomba. Mpaka leo naona hivyo. Ndiyo maana mume wako alipokuvunja mkono sikumuuliza mtu, nilijifunga kanga nikaenda kituoni. Nikaeleza yote: mayowe, ule mpini wa jembe, jinsi ulivyokuwa unavaa sweta juani. Afande wa dawati, mama mtu mzima, akaandika, akaagiza uitwe.

Ukaja, mkono umening'inia kwenye kitambaa, mashemeji zako wamejipanga kwenye benchi nje. Na mbele ya macho yangu haya ukamwambia afande ulianguka kisimani. Nikasema moyoni, ni woga, mwache. Kumbe hujamaliza. Ukaninyooshea kidole cha mkono uliobaki mzima, ukasema, "Huyu alimtaka mume wangu, akakataliwa. Sasa anataka amfunge."

Mungu wangu, Tatu. Mimi nimtake yule?

Maneno yalifika sokoni kabla yangu. Wenzetu wakasogeza mabeseni yao mbali na langu. Mume wangu alikula, akanawa, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna ukweli wowote. Ule upole uliniuma kuliko matusi. Kwenu wakachinja mbuzi, wakasema mambo yameisha kifamilia, na wewe ukawa unanipita njiani ukiangalia chini. Umekufa tukiwa hatusemeshani.

Msibani mama yako alinivuta nyuma ya nyumba akanieleza. Kwamba asubuhi ile ya kituoni mama mkwe wako alikuwa ameshawapeleka watoto wako kijijini Zombo, ukaambiwa ukimfunga mwanawe hutawaona tena. Mimi ni mama, naelewa. Lakini bado inaniuma. Ungesema umeanguka, ukaishia hapo! Kwa nini ulinitupa mimi? Hata kunikonyeza ulishindwa? Ningekaa kimya, ningekusubiri, tungetafuta njia nyingine pamoja.

Maana sasa ule uongo wako ndio anaoushikilia mume wako. Afande amenitahadharisha kwamba wakili wa Baba Neema ataniuliza mbele ya watu wote kama si kweli nilikataliwa nikaweka kinyongo. Ni maelezo yako mwenyewe, na sahihi yako iko chini. Umekufa ukamwachia silaha. Ndugu zake wamekuja kwangu kwa adabu zote, wakaketi, wakaomba nisijiaibishe mara ya pili. Na nisikufiche, kuna siku nilikubali moyoni. Nilisema, basi, shauri yako na mume wako, umemtetea mwenyewe.

Jana Baba Shani, mume wangu yule yule aliyeniuliza lile swali, alipiga pasi shati lake la sikukuu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema atakaa mstari wa mbele mahakamani, wakilitaja hilo jambo wamwone na yeye alivyokaa. Nilitoka nje nikalia upya.

Kwa hiyo nakwenda, Tatu. Wakili akiniuliza, nitajibu kwamba ndiyo, ulisema hivyo, na ulinisingizia. Nitasema na watoto wako walikuwa wapi siku hiyo, na nani aliyekaa kwenye benchi nje. Na swali lako la ofisi ya kata nitalirudia vilevile ulivyoliuliza, lisikike.

Sijakusamehe. Lala tu, pumzika, mkono hauumi tena. Nikitoka mahakamani nitapitia kaburini kukuambia ilivyokwenda, na siku hiyo ndiyo nitakusalimia.

Mama Shani