Mparachichi wa Mama

Kisauni, Mombasa

Kwa kaka yangu Wafula,

Shikamoo. Huku pwani nimezoeshwa kuamkia hivyo, usinicheke. Mama anaendeleaje na goti lake? Shemeji na watoto je? Sisi tu wazima, ila moyo wangu haujatulia tangu uliponipigia simu kwamba mnataka kuuza kipande changu cha shamba kule mtoni, kwa kuwa eti mimi Barasa nina kwangu Mombasa.

Hebu nikueleze kwangu kulivyo. Nyumba niliyonunua ni yangu kweli: kuta, mabati, milango. Ardhi iliyo chini yake ina mwenyewe, na kila mwezi namlipa kodi ya kuikalia. Huku ndivyo watu wanavyouziana tangu zamani, na mwenyeji huuliza kwanza kama ni nyumba na ardhi, au nyumba peke yake. Mimi mtu wa bara sikuuliza. Kwetu nani amewahi kununua nyumba akaacha udongo?

Unakumbuka mche wa parachichi alionipa Mama? Niliupanda kando ya mlango. Wiki haikuisha, akaja Mzee Athumani, msimamizi wa mwenye ardhi. Akauangalia, akaketi kibarazani, akaomba maji.

"Barasa mwanangu, nyumba ni yako, wallahi hakuna akupokonyaye. Lakini mti ung'oe. Leo mti, kesho utasema na kiwanja ni chako."

"Na nikitaka kujenga kwa mawe?"

"Hilo pia hapana. Siku ya kuondoka utayabebaje?"

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliniuma. Sasa nasikia ardhi inatafutiwa mnunuzi. Akipatikana, nitaambiwa nibomoe nichukue mabati yangu. Kuiuza nyumba siwezi, mtaa mzima umeshasikia. Kuhama siwezi, jasho langu lote limo kwenye kuta hizi. Nimenaswa, kaka, na ninaogopa.

Nakuomba msikiuze kile kipande. Mkikiuza, nitakuja na mabati yangu na sitakuwa na pa kuyaezeka.

Nisalimie shangazi anayekaa na Mama, na binamu yetu fundi baiskeli. Mama atauliza habari za mti wake. Mwambie umekua. Usimwambie uko ndani ya ndoo, wala kwamba ndoo imeanza kupasuka.

Mdogo wako,
Barasa