Kuku Wapole wa Mnadani

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu umekikalia kijiji chetu cha Ganako tangu alfajiri na hauna haraka ya kuondoka. Baridi ya leo hata mbwa wangu amegoma kubweka.

Jogoo wa Mama Paskalina amekufa.

Kuku wangu sita nilishawazika, na hao sikuwalilia. Ninaowalilia ni wa jirani yangu. Mama Paskalina ni mjane. Mayai ndiyo chumvi yake, ndiyo mafuta ya taa, ndiyo madaftari ya watoto.

Nisipoandika nitapasuka.

Mimi ni mtu niliyetembea. Nimekuwa utingo wa lori lililoleta shehena za hoteli za watalii kule kreta kutoka Nairobi, na huko hakuna kichochoro ambacho sijala chapati yake. Mpaka wa nchi ulipofungwa, lori likalala, nikarudi nyumbani na elimu yangu ya darasa la tano. Nikatangaza kwamba nafuga kuku. Mke wangu akauliza, "Wewe kuku unawajua?" Nikamjibu, "Mimi niliyepishana na faru njiani, kuku ataniambia nini?"

Mnadani, mama mmoja wa Daa alikuwa na matenga mawili. La kwanza lilikuwa vurugu tupu, kuku wanadonoana, mmoja akanichafulia koti. La pili lilikuwa kimya kama kanisa, wamekunja shingo, macho nusu. Nikakumbuka mafundisho ya marehemu baba: ng'ombe wa maziwa huchaguliwa kwa upole, mkorofi atakumwagia kibuyu. Basi nikachagua wapole. Sikuwageuza hata mmoja kuona manyoya ya nyuma yaliyoganda kinyesi cha kijani. Ningewageuza saa ngapi, na nilikuwa nahutubia mnada mzima namna ya kuchagua kuku?

Watu walicheka sana. Nilidhani wamependa hotuba.

Banda sikuwa nalo. Mama Paskalina akasema, "Baba Tluway, usiwalaze nje, kicheche atawamaliza. Walete walale na wangu mpaka ujenge." Nilipowafikisha akawainamia. "Mbona wanasinzia hivi?"

"Mama, hao wamesafiri toka Daa kichwa chini miguu juu! Hata mimi nikitoka Nairobi nalala siku mbili."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akawafungulia mlango.

Ulikuwa mdondo.

Walianza wangu, shingo zikapinda. Wakafuata wake. Sasa ndiyo nimejua: kuku mzima ana jicho linalong'aa na kishungi chekundu, na ukimshika anakupigania. Yule aliyenichafulia koti ndiye aliyekuwa kuku. Nimejua kwa gharama ya kuku wa mtu mwingine.

Bwana mifugo amepita leo. Amesema mdondo ukishaingia bandani hauna tiba.

Jioni nimekwenda kwa Mama Paskalina, nimejiandaa kutukanwa. Nimemkuta kizingitini na mtetea mwekundu mapajani, wa mwisho aliyebaki, anamdondoshea maji mdomoni kwa kidole.

"Karibu, Baba Tluway. Umekula?"

Basi, hilo tu. Angenitukana ningepata usingizi.

Nikafungua mdomo nitoe mzaha, maana mimi hata msibani huchekesha. Haukutoka. Nikamwambia, "Mama, nitakununulia wengine."

"Uwaweke wapi?" akauliza taratibu. "Banda ndilo lenye ugonjwa. Ukiwaleta, umewaleta kufa."

Yule mtetea alijaribu kuinua kichwa, kikaanguka tena kwenye kanga yake. Mama Paskalina akakiinua kwa kiganja, akaendelea kumpa maji.

"Asubuhi njoo na jembe," akasema.

Nitakwenda. Nitachimba shimo, nitawachoma humo waliokufa, nitasugua banda kwa majivu mpaka mikono ichubuke. Huyo mwekundu kama kutapambazuka yu hai, sijui, na sithubutu kumwombea kwa sauti.

Naomba jambo moja tu: nikifika pale kesho, Mungu anifunge mdomo.