Maua Yasiyongoja Jioni

Mama Mutheu,

Dada yangu Mwende alikuja kutoka Kitui kumchukua Mutheu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Ni mimi niliyemwita, usimlaumu yeye. Lakini wacha nieleze kwa mpango, maana niliishia darasa la sita na barua hunishinda nikianzia katikati.

Mimi niko. Watu wananiuliza kama nalala, nasema nalala, na ni kweli. Nakula. Kazini naenda. Tulipokuzika kule nyumbani walikuwa wananitazama usoni wakingoja machozi, na mimi nilikuwa nafikiria jinsi udongo ule ulivyo mgumu, kwamba vijana waliochimba walifanya kazi. Mpaka leo ni hivyo. Ni kama mkono ulioulalia usiku kucha. Unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Kyalo ameng'oka jino la mbele. Mama Njeri amepaka lango la ploti rangi ya kijani, na mlango wetu pia, bila kutuuliza. Bado anauza mboga za sukuma pale langoni, na tangu ulipoondoka yeye ndiye huwaangalia watoto nikiwa kazini. Mutheu anameza dawa yake asubuhi na jioni. Alianguka mara moja tu, na Mama Njeri alimlaza ubavu kama ulivyomfundisha.

Shule hatukumrudisha. Mwalimu alisema tena kwamba wenzake wanaogopa kifafa, nami sikubishana. Wewe ulishabishana kwa niaba yetu sote, kisha ukamtoa ukasema utamfundisha mwenyewe, na Kyalo pamoja naye. Nilicheka siku ile. Nilifikiri utawafundisha kuhesabu vikombe.

Nilikuwa sijaelewa uliyoyaona kule ulikofanya kazi ya nyumba. Ulikuwa unaosha vyombo dirishani na yule mama mwenye nyumba anawafundisha watoto wake uani, amewapigisha magoti mbele ya ua moja la porini, hakuna anayeruhusiwa kuling'oa. Ulirudi jioni ile ukaniambia, "Kumbe na hii ni kusoma." Tangu hapo ukawa unawashusha wetu kule mtoni, chini ya ile ploti isiyojengwa, kila asubuhi mvua ikishanyesha. Mimi nilileta karatasi za mifuko ya simiti. Uliikung'uta nje, ukakata ile safi ya ndani, wakachorea hapo. Nilijua karatasi. Maua sikuyajua. Nilikuwa natoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi likiwa limezama, na kwa saa hizo hata shati la mtu huwezi kujua ni rangi gani.

Neno moja nililishika kwa kulisikia sana: "Tazama kwanza, jina litakuja." Mama Njeri alikuwa anakucheka kwa hilo. Ulikuwa unapita langoni na watoto na karatasi zenu, naye anasema, "Mama Mutheu, hiyo ni chakula ya sungura. Mnaenda kutazama chakula ya sungura?" Nawe ulikuwa unamjibu kwamba hata sungura angefaidika akitazama kabla ya kula.

Sasa nakuja kwa jambo lenyewe.

Mvua ilipoanza, Mutheu aliniambia wakati umefika wa kwenda kuona maua ya bluu. Aliniambia yale yaliyo kama masikio mawili, ambayo mlikuwa mkiyachora mwaka jana. Nilimwambia Jumapili. Mimi nilikuwa na Jumapili tu, unajua. Tukaenda kanisani, tukarudi, nikafua, nikapika, na jua lilipopoa tukashuka mtoni, sisi watatu. Kyalo alivaa buti zake za mpira. Mutheu alibeba karatasi.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na majani, kama yale anayouza Mama Njeri kwa wenye sungura, yametambaa mpaka kwenye mawe. Hakuna bluu hata moja. Mutheu alipiga magoti akafunua majani moja moja. Alienda mpaka kwenye maji na kurudi. Mimi nilisimama tu. Nilidhani amepotea mahali. Nikamwambia, pengine ni upande ule mwingine, na yeye akanitazama kama unavyonitazama nikisema jambo la kipumbavu mbele ya watu.

Kisha akasema, "Yalikuwa ya Mama. Yamekufa na yeye."

Hakulia. Kwa hilo anafanana nami. Na mimi, Mama Mutheu, niliamini vilevile. Si kwamba niliamini kwa kichwa. Lakini nilitazama yale majani matupu nikaona ni sawa tu, kwa nini yasife.

Tangu siku hiyo aliacha. Hakuchora, hakusoma, hakumfundisha Kyalo herufi tena. Alikuwa akikaa mlangoni na mikono mapajani kama mgeni anayengoja chai. Mama Njeri aliniambia, "Huyo mtoto anaenda. Fanya kitu." Ndipo nikampigia dada simu. Nikamwambia aje amchukue Mutheu, kwamba huku hakuna mtu wa kukaa naye na mimi siwezi. Alisema atakuja akimaliza kupanda. Nilikata simu nikajisikia mwepesi, na sikupenda huo wepesi.

Kazi ninayofanya sasa iko Kibera, Laini Saba, nyumba ya ghorofa karibu na reli. Nilikuwa nimeanza kushika mwiko wa kujengea. Fundi mkuu alikuwa ameniruhusu kujenga ukuta wa nyuma, ule ambao hakuna atakayeuona. Basi asubuhi moja simiti haikufika. Tulingoja mpaka tumemaliza chai, kisha msimamizi akasema turudi nyumbani. Nikashika njia ya reli kwa miguu.

Njia hiyo nilikuwa naipita kila siku. Nilikuwa naipita gizani, asubuhi na jioni. Siku hiyo jua lilikuwa limepanda, na ukingo wote wa reli ulikuwa bluu. Si ua moja wala mawili. Nilichutama. Kila ua lina petali mbili zimesimama kama masikio, na chini yake kitu kama midomo midogo ya njano. Nilikaa hapo nikitazama mpaka mwenzangu mmoja, Mluhya tuliyekuwa tunabeba naye kokoto, akanifikia kwa nyuma akaanza, "Mkamba, ni dawa unachimba? Unataka kuroga nani, msimamizi?" Nikamwambia natazama. Akauliza natazama nini. Nikamwambia sijui bado. Akaenda zake akicheka.

Sikuchuma hata moja. Nilifika nyumbani nikamwambia Mutheu yapo. Alinijibu bila kugeuka, "Hayo ni ya Kibera. Yetu yalikufa." Nikamwambia basi tushuke tuone maiti yake. Lilinitoka tu. Nilidhani nimeharibu, lakini aliinuka akavaa viatu.

Mtoni palikuwa bluu kama kule. Pale pale alipokuwa amefunua majani kwa mikono.

Aligusa moja kwa kidole. Kisha akanigeukia, na ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike kusikia sauti yake ile ya ubishi, sauti yako. "Baba, wewe ulituleta jioni."

Nikasema ndiyo.

"Mama alikuwa anatuleta asubuhi."

Nikasema ndiyo, nami jioni ndiyo niliyokuwa nayo.

Sijui kama ulijua kwamba maua haya hujifunga mchana. Nadhani ulijua na ulikuwa unangoja waone wenyewe, ilikuwa tabia yako. Mutheu alikataa kurudi nyumbani. Alichagua ua moja, akaweka kijiwe kando yake, akakaa. Kyalo alichoka akaenda kurusha mawe majini. Mimi nilikaa naye, maana sikuwa na kazi. Jua lilipokaribia utosini petali zilianza kulegea, zikajikunja, na mwisho zikayeyuka kama karatasi iliyonyeshewa. Hazikudondoka hata. Zilikuwa maji tu. Mutheu akasema limekufa. Nilitaka kumwambia limelala. Mtu huwaambia watoto hivyo. Lakini nilitazama nikaona limekufa kweli, nikasema ndiyo, limekufa.

Akafinya kile kijani kinacholishika ua, kilichojikunja kama mfuko. Kikatoa tone la maji mazito, na ndani tukaona vichwa vingine vidogo vya maua vimepangana, vinangoja zamu. "Hili ni la kesho," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Lakini si lile." Nikasema hapana, si lile.

Hayo tu. Sikumfundisha neno kukuhusu. Usiku huo alichora, na ua lililokufa alilichora pia, kando.

Dada Mwende akafika na gunia la pojo na kuku wawili, na mkoba mtupu wa kutia nguo za mtoto. Mutheu aliuona mkoba. Alichukua karatasi zake akazikalia. Dada alisema maneno unayoyajua. Mwanamume peke yake halei mtoto mgonjwa. Akianguka akiwa peke yake je? Nyumbani kuna watu. Nami nilimuuliza, nyumbani atasoma na nani? Akasema si lazima kila mtoto asome, kuna mbuzi wa kuchunga. Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alichunga.

Hapo nikamwambia kitu nilichokuwa nimekifanya bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimemwomba msimamizi aniweke mlinzi wa usiku pale saiti. Alinicheka. "Umeshika mwiko juzi, leo unataka rungu?" Lakini alinipa. Ufundi umeniponyoka, sitakuficha, na umri wangu si wa kuanza tena. Sasa nalinda simiti usiku, nafika nyumbani watoto wanaamka, nawashusha mtoni, halafu nalala mchana na mlango wazi na Mutheu yuko pale mlangoni. Usiku wanalala kwa Mama Njeri. Yeye alisema, "Walale kwangu. Kwani hiyo kitanda ni ya nani, na Njeri aliolewa?"

Dada aliusukuma mkoba kando kwa mguu. Kisha akasema mimi ni kichwa kigumu kama baba yetu, na akaomba chai.

Asubuhi alishuka nasi. Alifunga leso kiunoni akasimama kando, mpaka Kyalo alipomvuta mkono achutame. Alitazama, akasema, "Aa, ni kikowe." Mutheu akamwambia, kwa adabu lakini kwa ukali, "Shangazi, sisi jina tunalisema mwisho." Dada alinitazama mimi. Nikainua mabega.

Leo nimemsindikiza kwenye basi. Mkoba wake ulirudi na viatu vya zamani vya Kyalo kwa ajili ya mjukuu wake, basi. Kabla ya kupanda aliniambia kaburi lako limejaa magugu tangu mvua, kwamba akifika atalipalilia, ni aibu watu wakipita. Nikamwomba asiliguse. Akasema watu watasema tumekutupa. Nikamwambia wacha waseme.

Mama Mutheu, hii ndiyo ahadi yangu, nyingine sina. Mvua haijaisha, tutakuja. Tutafika asubuhi. Hakuna atakayeshika jembe mpaka watoto wako wapige magoti watazame kila kilichoota juu yako, wakichore, na majina yaje mwisho. Wakimaliza nitapalilia mwenyewe.

Machozi bado. Pengine yatanipata huko.

Kaa salama.

Baba Mutheu